Sifa Nipe Mimi, Lawama Mpe Bi Shubiri

Kila kitu katika mswada wangu kimekamilika isipokuwa mwandishi. Insha zipo. Mhariri amezisoma, akacheka panapochekesha, akacheka na mahali ambapo mimi nilikuwa nimeandika kwa uchungu. Jalada limeshachorwa: sufuria la wali linalofoka, na mkono wa mwanamke ulioshika kalamu badala ya mwiko. Chini ya sufuria imebaki nafasi nyeupe, na katikati ya nafasi hiyo mhariri ameandika kwa penseli: JINA?

Alinipigia simu kuniuliza. Nikamwambia nitampa jibu baada ya sala ya adhuhuri. Hakuuliza adhuhuri ya siku gani, nami sikuona haja ya kumchosha kwa maelezo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi hapa Tanga, na ninachoandika ni mambo ya nyumbani. Kuna watu wanaodhani mambo ya nyumbani ni salama kuliko siasa. Hao hawajaolewa. Ukimwandika waziri, yeye ana walinzi na vikao, huenda kitabu kisimfikie. Ukimwandika wifi yako, atakisoma, atawasomea na wenzake, na Ijumaa mtakutana kwenye hitima mmekalia mkeka mmoja, anakusogezea sinia bila kukutazama usoni.

Na katika mswada wangu wamo wote. Yumo mama mkwe aliyekuja kututembelea kwa siku tatu kabla ya Ramadhani, akaondoka watu wakiwa wamemaliza kufunga sita. Yumo mweka hazina wa kamati ya harusi ambaye daftari lake la michango lililiwa na mchwa, mchwa wenye akili, waliobakisha kurasa za ahadi wakala za fedha taslimu. Yumo fundi cherehani aliyekata sare za wanawake wa ukoo mzima, na Idi Mosi watoto wake wakatokea barabarani wamevaa sare yetu. Yumo mwalimu mkuu na kile kikao chake cha dakika tano tu, ambacho walimu tumekizoea kiasi cha kuja nacho na chakula. Hakuna hata mmoja niliyemtaja jina, na hakuna hata mmoja ambaye jirani yake hatamtambua.

Kwa hiyo shida yangu ni rahisi kuieleza: nataka sifa, sitaki lawama. Nataka msomaji wa Songea au Bukoba, asiyenijua wala kunidai, aseme huyu mama ana kalamu. Na papo hapo nataka wale waliozunguka jiko langu waendelee kuniona mke wa mtu, mpole, anayesahihisha madaftari. Jina la kubuni ndilo lililoonekana dawa ya yote mawili.

Wa kwanza kulicheka wazo hilo alikuwa kaka yangu mkubwa, mshairi wa magazetini. Lakabu yake ni Mkiwa wa Bandarini, ingawa ana wake wawili na bandarini hajafanya kazi hata siku moja. Shairi lake likitoka, chini ya ubeti wa mwisho huwa kuna lakabu hiyo, kisha kwenye mabano majina yake matatu, kisha S.L.P., kisha Tanga. Na ndani ya ubeti wenyewe ameshajitaja tena na kuwasalimia watoto. Nilimuuliza: kaka, hapo umejificha wapi?

“Nani kakwambia lakabu ni ya kujificha?” akasema. “Lakabu ni kilemba. Kilemba mtu havai ili asionekane.”

Kumpa ushindi kaka yangu ni jambo linaloniuma tangu utotoni, lakini safari hii historia iko upande wake. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye ule utendi wa wosia mwaka 1858, alijitaja jina kuelekea mwisho, akataja na Pate alikozaliwa, akaweka na mwaka wa Hijria, 1275. Kilichokosekana ni sanduku la posta tu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960, alimleta mpelelezi Bwana Msa afichue siri za watu, na herufi za jina la mpelelezi zikawa zilezile za mwandishi, M.S.A. Hata ndani ya hadithi ya kubuni hakutaka tumpoteze. Watunzi wetu hawakuwa na hofu ya kujulikana. Hofu yao ilikuwa msomaji afike mwisho wa kazi aseme ni nzuri, lakini ya nani?

Huko Kenya, Wahome Mutahi aliandika safu ya Whispers gazetini kwa miaka mingi, na wasomaji walijua vizuri Whispers ni nani. Aliyebadilishwa jina ni mke: ndani ya safu aliitwa Thatcher. Hilo lilininyima usingizi. Pengine anayestahili jina la kubuni si mwandishi bali mwandikwa. Nikapitia mswada nikijaribu. Lakini mama mkwe wangu hata nikimwita Cleopatra, Malkia wa Misri, hapa pwani ni yeye peke yake anayesafiri na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa madai kwamba za watu wengine hazina meno.

Basi tukarudi kwenye kutafuta jina langu. Binti yangu anayesoma chuo Dodoma ndiye mshauri wangu wa mambo ya nje. Alinitumia habari ya Mwingereza Eric Blair, ambaye kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1933, kilieleza alivyoishi na mafukara wa Paris na London. Hakutaka kwao waaibike, akampelekea wakala wake majina manne: P. S. Burton, Kenneth Miles, George Orwell na H. Lewis Allways. Achague mwenyewe. Nikaona huo ndio ustaarabu: jina likiwa baya, wa kulaumiwa ni mwingine.

Tukakaa mimi na mume wangu chini ya feni kutengeneza orodha yetu. Nikasema Binti Usambara. Akasema watu watadhani nauza karoti. Nikasema Mama Kimya. Alicheka mpaka nikamletea maji. Yeye akapendekeza Bi Tende, akidhani nitafurahi. Nikamuuliza kama amewahi kusoma hata insha moja kati ya hizi, nikaandika Bi Shubiri. Kaka yangu, bila kuulizwa, alituma kwa simu Kasida ya Nyika Isiyozimika, na akaeleza kwamba kuna nafasi ya kuongeza neno moja. Mwishowe nikampelekea mhariri majina yote isipokuwa hilo la kaka. Mhariri akachagua Bi Shubiri. Akashauri pia kwamba kabla ya kitabu tulijaribu jina hilo kwenye jarida moja analofahamiana nalo, tuone wasomaji watalipokeaje.

Insha ya kwanza ilikuwa ya mweka hazina na mchwa. Jumamosi, kwenye kikoba chetu, wifi yangu akaja nayo amekunja jarida ukurasa huohuo, akaomba tukae vizuri atusomee. Nawaambia, hakuna utamu wala mateso kama hayo. Wanawake wanaanguka mabegani mwa wenzao kwa kicheko, na wewe uliyeyapika maneno unalazimika kucheka ukichelewa kidogo, kama mtu asiyejua kinachokuja. Aliyecheka kuliko wote ni mweka hazina mwenyewe. Alijifuta machozi akasema anamjua mtu wa aina hiyo kabisa, yuko Korogwe.

“Huyu Bi Shubiri anakaa mtaa huu huu,” wifi akasema. “Hii kamati naijua.”

Wakaanza kutazamana. Na hapo ndipo jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Jirani tumwite hivyo, aliinamisha macho, akajitengeneza kanga begani, akasema taratibu: “Jamani, tuyaache hayo.”

Basi. Hakusema ni yeye. Hakusema si yeye. Lakini kufikia saa kumi na mbili jioni mtaa mzima ulikuwa umempata Bi Shubiri wake. Wiki ile aliletewa mchele wa Mbeya. Akapewa doti ya kanga. Akaalikwa kwenye unyago wa watu ili aseme maneno mawili matatu ya busara. Nilikuwapo wifi alipomuuliza anayapata wapi mawazo yale, naye akajibu kwamba humjia usiku. Ukuta wetu ni mwembamba. Usiku ninaoandika mimi, kinachotoka upande wake ni mkoromo tu.

Nilipomlilia binti yangu kwenye simu, aliniambia nisijione wa kwanza. Mary Ann Evans, aliyeandika riwaya kwa jina la George Eliot, alipatwa na mkasa huohuo. Kulikuwa na bwana mmoja wa Nuneaton, Joseph Liggins, ambaye watu waliamua ndiye George Eliot, naye hakuona sababu ya kuwabishia. Wapo waliofikia hatua ya kumchangia fedha, kwa kumwonea huruma kwamba kazi kubwa hivyo haijamlipa. Baada ya Adam Bede kutoka mwaka 1859, mwenye kazi ikabidi ajitokeze. Habari hiyo ilinifariji kwa muda wa kama dakika moja, mpaka niliposikia mlango wa jirani ukigongwa na mtu mwenye kuku mkononi.

Hebu fikiri vizuri. Nilitafuta jina la kubuni ili lawama zimwendee mtu asiyekuwapo. Lawama hazikuja. Zilikuja sifa, na zote zilimwendea mtu aliyekuwapo sana.

Malipo ya insha ile yalitumwa kwa simu, na hapa lazima nieleze jambo. Mwanzoni mwa mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, namba yangu ya kitambulisho cha taifa ilikuwa bado haijatoka. Ya mume wangu ilikuwa imetoka. Akaweka kidole chake, laini yangu ikapona. Tangu siku hiyo, kwa ndoa mimi ni mke wake, na kwa mtandao wa simu mimi ni yeye. Mtu akinitumia hela ya maandazi linatokea jina la mwanamume, majina matatu, herufi kubwa tupu.

Mhasibu wa jarida alituma fedha, jina likatokea, akaliingiza kwenye orodha yake ya malipo. Kwa toleo lililofuata, orodha hiyohiyo ikatumika kupangia majina ya waandishi. Insha yangu ya pili, ile ya mama mkwe aliyekuja kabla ya Ramadhani, ikatoka bila Bi Shubiri. Ilitoka kwa majina kamili ya mume wangu.

Msomaji makini ameshaliona balaa lilipo. Insha ile inaanza na “mama mkwe wangu” na inaishia na “mama mkwe wangu.” Nikiisema mimi, ni mama yake. Akiisema yeye, ni mama yangu.

Mama yangu anakaa Pangani. Kwangu hajawahi kulala zaidi ya usiku mmoja, kwa kuwa anadai kuku wake hawali wasipomwona. Alipiga simu alfajiri.

“Mwanangu, mumeo kaniandika gazetini.”

“Mama, ngoja nikueleze.”

“Kasema nimekaa kwenu Ramadhani nzima. Kasema napanga upya makabati ya watu. Mimi kabati lako nimelipanga lini?”

Nikamwambia si yeye aliyeandikwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo tukiwa watoto tulikuwa tukiisikia tunajificha uvunguni: “Kwani mumeo ana wake wangapi?”

Upande wa Muheza, kwa mama mkwe mwenyewe, ilikuwa sherehe. Alisomewa insha na mjukuu, akaomba irudiwe, akacheka mpaka akakohoa. Akampigia mwanawe kumpongeza kwa ujasiri. “Nilijua tu yule mama wa Pangani hana haya,” alisema. “Tena hata mbuzi ya nazi anasafiri nayo? Kaniiga mimi!”

Mume wangu naye alipokwenda barazani kwenye bao alipokelewa kwa kusimamiwa. Kila aliyeoa alimshika mkono. Umetusemea, walimwambia. Siku ya kwanza alikanusha, nami nashuhudia kwamba alikanusha. Siku ya pili akasema “tuyaache hayo,” nikajua yameshamkolea. Wiki haijaisha nikamsikia uani akimweleza mtu kwamba sisi waandishi huwa hatupangi, yanakuja yenyewe. Usiku akaniuliza: “Mama watoto, toleo lijalo tunaandika nini?”

Nikamsimulia habari ya Mfaransa Romain Gary, kwa nia ya kumwonya. Gary alikuwa ameshapata tuzo ya Goncourt mwaka 1956, tuzo ambayo mwandishi hapewi mara mbili. Mwaka 1975 ikaenda kwa mwandishi mpya, Émile Ajar, ambaye ni Gary huyohuyo kwa jina la kubuni. Watu wakataka kumwona Ajar. Gary akamtoa Paul Pavlowitch, mtoto wa binamu yake, ajifanye ndiye, na wakosoaji wakaridhika. Gary alikufa mwaka 1980 siri ikiwa bado haijatangazwa. Nilitaka mume wangu aone jinsi uongo wa namna hii unavyomeza watu wawili kwa mpigo. Yeye alichoshika ni kwamba tuzo ilipatikana mara mbili.

Ili kuiokoa ndoa ilibidi nimwambie mama yangu ukweli wote: mwandishi ni mimi, na mama mkwe ni mama mkwe kweli. Ilipita kimya kirefu, kisha nikasikia kicheko ambacho sijakisikia tangu baba alipoanguka na ngazi ya kukwelea mwembe. Akaniapia kwamba siri hiyo itakufa naye. Mama yangu siri huitunza vizuri sana, akishirikiana na dada zake. Kabla ya isha ilikuwa imefika Muheza.

Mama mkwe alikuja Jumapili. Nilimwona anashuka kwenye bajaji, na mbuzi ya nazi ikashuka nyuma yake. Akapokea shikamoo, akaketi, akakataa chai.

“Nisomee,” akasema.

Nikamsomea. Maneno yaleyale, nukta kwa nukta. Palepale alipokuwa amecheka mpaka akakohoa, sasa alinikazia macho. Sikuwa nimebadilisha chochote isipokuwa mwandishi. Na hapa lazima niwape haki yao wale wanawake wa Uingereza waliojiita wanaume kabla ya kupeleka kazi zao kwa wachapishaji: jina husomwa kabla ya ukurasa, na msomaji akishajua nani anasema, nusu ya hukumu imeshatoka. Mwana anayemcheka mkwewe ni jasiri. Mke wa mwana anayefanya hivyo hajafunzwa kwao. Kama kuna hoja ya kweli ya kujificha nyuma ya jina, ndiyo hii, na sijaona wa kuivunja.

Nilipomaliza, alikaa kimya akiipapasa mbuzi yake.

“Umesema hii ni ya mkorosho.”

“Ndiyo, mama.”

“Ni ya mvule. Na umesema nilikaa mpaka sita. Husemi ulikuwa na mimba, hata maji hayakai tumboni.”

“Limo, mama. Limo kwenye insha nyingine.”

“Isome hiyo.”

Nikaileta, nikaisoma. Ni ile insha anayonipikia uji wa mchele usiku wa manane huku akinigombeza kwa kumtapikia kanga yake mpya, na mimi nautapika na huo uji. Hiyo alicheka, hasa pale pa kanga. Kisha akatoa hukumu: “Weka jina lako. Na langu uweke. Sitaki kusemwa na mtu asiye na jina, na sitaki watu wa Muheza waendelee kudhani ni yule wa Pangani.”

Hilo la jina lake bado tunajadiliana. Nimemwambia sheria za uandishi zina mambo yake. Kwa hakika hazina, lakini najua nikiweka jina lake leo, kesho atakuja mweka hazina anataka lake.

Mhariri, kwa upande wake, alikuwa anataka jibu la kwenye karatasi. Alinieleza jambo ambalo watu wanaoota majina ya kubuni hawalijui: Bi Shubiri anaishia jaladani. Kwenye mkataba ninasaini mimi, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na nakala ya kitambulisho inabaki kwenye faili. Na faili lina tabia ya kufunguliwa. Mmarekani Stephen King alitoa riwaya kadhaa kwa jina la Richard Bachman, akaumbuliwa mwaka 1985 na karani wa duka la vitabu wa Washington aliyekwenda kuchungulia makaratasi ya hakimiliki na kukuta jina la King kwenye mojawapo. King akatangaza kwamba Bachman amefariki kwa saratani ya jina la kubuni. Mtu milionea anaweza kumzika mwandishi bila kuchangisha. Mimi kwangu hata msiba wa Bi Shubiri ungehitaji kamati, na kamati ingehitaji mweka hazina.

Kisha ikaja hesabu, na kwenye hesabu sidanganyiki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini kazi ikitoka kwa jina la kubuni, na mwenyewe asijulikane, miaka hiyo 50 inahesabiwa tangu kuchapishwa. Tuseme kitabu kinatoka nikiwa na miaka 45, na Mungu akanifikisha 85. Kwa jina langu kitalindwa miaka 40 na mingine 50, jumla 90. Kwa Bi Shubiri aliyejificha vizuri, miaka 50 tu. Tofauti ni 40, yaani uhai wangu wote uliobaki. Kadiri ninavyoishi na afya njema ndivyo ninavyowapunja wajukuu, na ili Bi Shubiri asiwatie hasara inanibidi nife siku ya uzinduzi.

Nilimwonyesha mume wangu hesabu hiyo kwenye ubao wa watoto. Akaitazama, akasema tuanze kwanza na hizo nakala za kuuza. Na ni kweli: dada watatu wa Brontë walipotoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, ziliuzwa nakala mbili. Mimi mama mkwe peke yake ameshaagiza zaidi ya hizo, za kuwapelekea watu wa Muheza ambao anaona waliwahi kumdharau.

Kwa hiyo adhuhuri imefika, na jibu nimempa mhariri. Bi Shubiri ameondoka. Si kwamba nimepata ujasiri. Wifi yangu bado hajasoma insha inayomhusu, na siku hiyo nitaomba likizo. Ni kwamba nimepima pande zote mbili. Lawama hunifikia kwa jina lolote, maana ndugu zangu wananijua kwa namna ninavyosema hata wasiponiona. Sifa ndizo zinazohitaji anwani. Zisipoikuta zinaingia nyumba ya jirani, na jirani anazipokea kwa mikono miwili.

Mama Jirani nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajayasikia kwa wengine. Alinisikiliza kwa upole mkubwa. Alisema hana kinyongo, jina ameniachia, na kwamba kama nikikwama kwenye kuandika nisione haya kubisha hodi. Doti ya kanga hakuirudisha.

Kaka yangu anashikilia kwamba chini ya jina langu jaladani kuwe na S.L.P.

Kitabu kikitoka, nakala nitauza mwenyewe mkono kwa mkono, na malipo ni kwa simu. Namba yangu ya kitambulisho imeshatoka, na laini nimeisajili upya kwa kidole changu. Ndugu msomaji, kabla ya kuthibitisha muamala soma jina linalotokea. Likiwa la mwanamume, sitisha: hiyo ni ile laini nyingine, na mwenyewe bado anajiita mwandishi.